Chachu

Kabla ya adhana ya alfajiri nafunua sufuria ya mchele uliosagwa,
nainamisha sikio.
Watu hudhani mkate wa kumimina ni sukari na tui.
Mimi nasikiliza povu: ts, ts, ts,
vidogo visivyoonekana viko kazini.
Sijawahi kuviona. Nimeviamini miaka ishirini na miwili,
na nusu ya Langoni imefungua kinywa kwa imani hiyo.

Muznah amelala nyuma ya pazia.
Mgongoni ana madoa meupe matatu, umbo la jani la mwarobaini.
Nilidhani ni mba, nikayapaka ndimu.
Kisha akaanza kuinama ghafla, kidevu kifuani, mikono ikifunguka
kama anayemkumbatia mtu asiyekuwepo.
Mara tisa kwa siku. Mara thelathini.
"Degedege," alisema mavyaa, akatazama juu kumtafuta ndege.

Malindi, Daktari Kadzo alichora duara juu ya bahasha ya vidonge.
"Ndani ya chembe kuna maandishi. Hapa herufi moja imekosewa."
Nani aliyeikosea?
"Hakuna, mama. Mnakili alisinzia."

Dawa ya kwanza ilimlaza.
Ya pili ilimwondolea kicheko.
Ya tatu ilizidi kodi ya nyumba.
Ndipo akaniambia mimi, mwuza mikate:
asile mkate. Wala wali, wala tende, wala ndizi mbivu.
Tui zito, mayai, siagi, samaki mwenye mafuta,
na kila kitu kwa gramu.

Sonara Twalibu akaniazima mizani yake.
Iliyopima pete za harusi
sasa inapima kiini cha yai.

Mavyaa hakukubali. "Mwana halali na ndaa,"
kila jioni, na chini ya leso ana kaimati.
Siku moja nilimkuta Muznah na shira vidoleni.
Sikugomba. Nilimwita mavyaa akae nami kitandani,
akahesabu kwa tasbihi yake mwenyewe.
Punje kumi na saba hadi kukacha.
Tangu hapo nazi anakuna yeye,
na ole wake mtoto wa jirani apite na andazi.

Halafu wakataka choo chake.
Nikakiweka kichupani, kichupa katika barafu ya wavuvi,
nikapanda boti ya Mokowe nimepakata kasha.
Kijana akauliza, "Kamba hao, mama?"
"Mavi ya mwanangu," nikamjibu.
Akasogea. Nikapata pa kunyoosha miguu.

Daktari alisema tumboni mwake wamo kwa mamilioni,
na chakula kilipobadilika nao walibadilika:
waliokuwa wengi wamepungua, wanyonge wamezaana.
Huenda ndio wanaotuma neno la utulivu hadi kichwani.
Huenda siyo. "Hatujui bado," alisema,
akalisema bila haya, nami nikampenda kwa hilo.
Alitafuta mfano wa kunielewesha.
Nikamwambia asihangaike.
Badilisha nazi, badilisha maji ya kisima,
mkate utakwambia kabla hujauonja.

Hajapona. Niandike ukweli:
kutoka thelathini hadi nne, na Jumanne mbili,
na Ijumaa, bila sababu, kumi na moja.
Hatamki bado jina langu.
Jana alicheka, paka alipoanguka dirishani,
akacheka hata paka akaona aibu.

Sasa naweka sikio juu ya kitovu chake.
Kuru, kuru. Kimya. Kuru.
Fanyeni kazi, wageni wangu,
tui mtalipata, gramu kwa gramu, hata nikikopa.
Sijui mnamwambia nini. Mwambieni tena.

Mlango unagongwa. "Hodi, mama Muznah! Mkate tayari?"
Bado.
Haujaumuka.